Ubunifu Majengo: Chuoni na Kazini

Ndugu zetu wanafunzi, wengi mnatuuliza kama ubunifu majengo ni kuchora tu. Sisi tuliosoma madrasa hii, kisha Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, tunawajibu hivi.

Chuoni tulichora msikiti kwenye kiwanja cha kufikirika. Ardhi ilikuwa tambarare, fedha hazikuisha, na msahihishaji alikuwa mwalimu. Ukikosea, unapunguziwa maksi.

Kazini mambo ni mengine. Huku Mara kibla kiko kaskazini, ukisogea nyuzi 14 hivi kuelekea mashariki, lakini viwanja vya mjini hupimwa kwa kufuata barabara. Ni lazima upange safu bila kupoteza nafasi. Musoma utakuta mwamba. Bunda utakuta udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi wake hauwezi kuwa mmoja. Butiama wazee wa kamati watauliza: mabati mangapi? Kina mama wataingilia wapi? Maji ya udhu yatakwenda wapi?

Tena shahada peke yake haitoshi. Unafanya kazi chini ya wenye uzoefu, unafanya mtihani, ndipo Bodi inakusajili.

Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hapo hakuna maksi za kupunguza. Basi someni hesabu na kuchora, na pamoja na hayo jifunzeni kutunza amana.

Wabillahi tawfiq.