Tundu Lisilodondosha

Waulize wenye vyombo pale Kunduchi Pwani injini inaumwa nini, wengi watakujibu kwa bei. "Hii ya laki tatu." "Hii ya laki tisa, inafunguliwa yote." Ugonjwa wenyewe hautajwi. Jambo hili limenikaa kichwani tangu likizo ya Julai, kwa sababu bei ya namna hiyo ilikaribia kumuuzisha mjomba wangu mashua yake.

Kuna watakaosema mashua ina tanga, injini ya nini? Wakati wa kusi nenda ukaone. Upepo unavuma kutoka kusini, kwa hiyo kwenda kaskazini upande wa Mbweni ni raha tupu, tanga linajaa na chombo kinateleza. Shida ni kurudi. Bila injini unabisha, unakata huku, unakata kule, barafu inayeyuka, na ukifika Kunduchi mnada umeshakwisha. Hiyo ni hasara ya pesa. Ya pili ni mbaya zaidi: nanga inaburuta, mwamba wa Mbudya uko nyuma yenu, unapiga stata na injini inakohoa tu. Mashua ile ina watu watano.

Injini ya mjomba ni ya dizeli, silinda mbili, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Asubuhi ilikuwa inapigwa stata mpaka betri inaanza kulegea. Ikiwaka, inatikisika kama inataka kung'oka kwenye misumari yake. Fundi akaja, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu: "Mzee, ringi zimekwisha. Hapa tufungue." Laki tisa, vipuri mbali. Mjomba hakuwa nazo. Wiki ileile mtu akaja kuiangalia mashua, akaizunguka mara mbili, akaulizia bei.

Mimi nasoma uhandisi mitambo hapa Mlimani, na desa la injini ninalo. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifanikiwa kufanya kazi mjini Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja: ukiibana hewa kwa nguvu, inapata moto. Ndani ya silinda hewa inabanwa mpaka inapita nyuzi 400, kisha dizeli inanyunyiziwa humo kama ukungu na inajiwakia yenyewe. Basi injini hii inadai vitu vitatu tu: hewa ya kutosha, mbano mzuri, na dizeli safi inayofika kwa wakati wake. Vitabu vingi vinaongeza lawama kwa baridi, lakini vimeandikwa kwa ajili ya watu wa theluji. Alfajiri ya Dar, hata Julai, haina baridi ya kuikatalia dizeli kuwaka.

Kinachobaki ni kuuliza, na njia rahisi ya kuiuliza injini ni moshi. Mweusi unasema dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo. Wa bluu unasema oili ya injini inaungua. Mweupe wakati wa kupiga stata unasema dizeli imefika lakini haijaungua. Na moshi usipotoka kabisa? Dizeli haijafika.

"Mjomba, ukipiga stata asubuhi moshi unatoka wa rangi gani?"

"Mwanzo hautoki kitu. Mpaka betri ichoke ndio unaona mweupe kidogo, halafu inashika."

"Na mchana?"

"Mchana haina neno. Naizima saa nzima tunavua, nikiigusa tu inawaka. Shida yake ikilala."

*Shida yake ikilala.* Kwangu neno hilo lilikuwa na thamani kuliko boksi zima la spana. Fundi hakuwa mjinga. Ringi zilizochoka nazo hupenda injini ya moto kuliko ya baridi. Lakini ringi mbovu hazizuii dizeli kufika kwenye silinda. Zingekuwa ringi, moshi mweupe ungetoka tangu mwanzo. Hapa kulikuwa na kitu kinachotoweka usiku, na kitu hicho ni dizeli yenyewe.

Jioni ile tukafanya jaribio ambalo halina gharama. Tukachukua dumu la lita tano, tukalijaza dizeli iliyochujwa, tukalifunga kwenye mlingoti juu ya usawa wa injini, na mpira mpya ukashuka kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi pampu ndogo. Tanki na mpira wake wa zamani tukaviweka pembeni kabisa. Tukatoa upepo: unalegeza skrubu ya filta, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, kisha unahamia pampu kubwa. Tukaiacha ilale. Fundi tulimwita, na alfajiri baada ya swala alikuwa wa kwanza kufika ufukweni. Stata ikapigwa mara moja. Ikawaka.

Maana yake, ringi si tatizo, na ugonjwa uko kati ya tanki na pampu ndogo. Fundi mwenyewe ndiye aliyeupata. Aliupitisha mpira wa zamani kwenye vidole polepole, akaukunja pale ulipokuwa unasuguana na taruma, na ufa ukafunguka kama mdomo. Hakuna aliyeuona kabla kwa sababu haukuwahi kudondosha hata tone. Upande huo pampu inavuta, haisukumi. Kwa hiyo dizeli haitoki nje, ila hewa inaingia ndani. Usiku dizeli inarudi tankini taratibu, kama soda inavyoshuka kwenye mrija ukiutoa mdomoni, na asubuhi stata inahangaika kuvuta upepo mtupu.

Mtikisiko ulibaki. Hapo fundi ndiye aliyenifundisha mimi. Injini ikiwa inaunguruma polepole, alilegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza: mlio ukaanguka. Akaikaza, akalegeza ya pili: hakuna kilichobadilika. Silinda ya pili ilikuwa abiria tu. Nozeli yake ikapelekwa Gerezani kupimwa, na badala ya kunyunyiza ukungu ikawa inachuruzika. (Ukishuhudia kipimo hicho, mkono wako uweke mbali. Dizeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na kidonda chake ni cha hospitali, si cha kufunga kitambaa.)

Mpira, klipu mbili, nozeli na nauli: haikufika laki moja. Yule mteja wa mashua aliporudi, mjomba alikuwa baharini.

Nimefikiria sana kwa nini laki tisa ilitangulia mpira wa elfu chache. Nadhani ni kwa sababu fundi wetu hulipwa kwa alichofungua. Kwa kuangalia, kusikiliza na kuuliza hakuna anayemlipa, basi anayetaka kula ataifungua injini. Mjomba alilielewa hilo kabla yangu. Siku ile alimpa fundi elfu ishirini, akamwambia, "Hii ya macho yako." Fundi alizishika kwanza kama anayedhani ni mkopo.

Na sisi je? Kila mwaka tunahangaika kutafuta nafasi za PT kwenye ofisi zenye kiyoyozi, tukaishie kushika faili na kutumwa chai. Kutoka Mwenge panda gari la Tegeta, shuka Mtongani, chukua boda mpaka Pwani. Utakuta injini nyingi zinazosubiri mtu wa kuziuliza, na mafundi ambao mikono yao inajua mambo ambayo desa halina. Nenda na dumu moja, mpira safi na chupa nyeupe ya kuangalia kama dizeli ina maji. Muhuri wa kukugongea kwenye logibuku kule hakuna, hilo nakwambia mapema. Lakini wenye vyombo huamka saa kumi usiku, na ukiwahi watakupa nafasi.