Baiskeli ya Mchangani Haitaki Ubishoo

Bishoo wa Dar akienda kununua baiskeli, cha kwanza anaangalia rangi. Cha pili, stika. Cha tatu, gia ngapi. Muulize, "Utaiendesha wapi?" Anakutolea macho kama umemuuliza mshahara wake. Mimi baiskeli nimejifunzia Maneromango, kule Kisarawe, kwa mjomba wangu, na mchanga wa kule hausomi stika.

Njia nyingi za ndani kule ni mchanga mtupu. Kiangazi unakuwa laini kama unga. Ingia na tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu kama jiwe, uone. Gurudumu linazama, hendeli inageuka, na wewe chali! Mjomba alikuwa na msemo wake: "Mpwa wangu, uliza njia kwanza, baiskeli baadaye."

Wala si baiskeli peke yake. Mnamkumbuka Philip Boit, yule Mkenya aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998 kushindana kwenye theluji? Zile skii wanazovaa miguuni hupakwa nta chini, na nta huchaguliwa kwa kuangalia theluji. Theluji ya baridi kali ina nta yake, ya majimaji ina yake. Boit alimaliza kilometa 10 akiwa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Raha tupu! Lakini wenye skii wanajua kitu ambacho mjomba naye alikijua bila kuona theluji: chombo huchaguliwa na ardhi.

Haya, ukitaka baiskeli ya mchangani, chukua fremu ya chuma. Ikipasuka, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaiunga. Tafuta tairi pana, na usilijaze sana. Zile Phoenix za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Keria iwe ya chuma kinene. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini: mguu ukinyooka, siti imekukubali. Halafu inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba kama mlevi, mrudishie muuzaji.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Usiku mmoja, enzi ambazo bodaboda hazijafika kule, binti wa mjomba alishikwa na uchungu. Gari la kukodi hakuna. Mjomba akafunga mto kwenye keria, binti akakalishwa upande, mama yake akamshika mgongo, mimi nikatangulia na tochi. Tulisukuma njia nzima. Penye mchanga mwingi tulikuwa tunainyanyua baiskeli, mjomba mbele, mimi nyuma. Hakuna aliyesema kitu. Nilichokuwa nasikia ni pumzi za dada na yale magurudumu yanayozunguka kimya, bila kukwaruza. Spoku zingekatika pale, au gololi zingekwama, tungefanya nini? Mtoto alizaliwa karibu na alfajiri, mikononi mwa nesi, si porini.

Yale magurudumu hayakuwa kimya kwa bahati. Kila Jumamosi mjomba alikuwa anageuza baiskeli miguu juu, anafungua, anaosha gololi kwa mafuta ya taa, anapaka grisi mpya. Tulimcheka. Kitunze kidumu, wahenga hawakukosea.

Ya kushika ni machache. Cheni usiimwagie oili chafu ya gari. Mchanga unanasa, inageuka msasa, inatafuna meno. Ifute kwa kitambaa, tia mafuta mepesi kidogo, futa yaliyozidi. Ukiziba pancha, kwaruza tyubu, paka sulusheni, subiri ikauke kidogo ndipo ubandike kiraka. Wenye haraka ndio wanaorudi kwa fundi. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, maana mwiba bado upo, unakusubiri. Baiskeli isilale juani, mpira unapasuka. Na spoku moja ikilegea, kaza leo, maana kesho zitakuwa tatu.

Yule mtoto wa usiku ule sasa ni mwanaume mzima, ana bodaboda yake. Juzi nimemkuta ameipindua baiskeli ya babu yake, mikono imejaa grisi. Nikamwambia, "Anko, una pikipiki, hiyo ya nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Petroli inaisha, mjomba."

Sasa wewe uliyeiegemeza yako ukutani tangu Krismasi, tairi limelala, nenda kaigeuze miguu juu. Tukutane wiki ijayo.