Picha Zetu za Makumbusho ya Berlin na Swali la Bibi wa Newala



Wengi mnatujua kwa shela na magauni ya harusi. Leo hatuzungumzii nguo, ingawa ni nguo iliyotufikisha huko. Binti wa mama yetu mdogo aliolewa Berlin na hakutaka gauni la dukani. Basi sisi, dada wawili mafundi wa Masasi, tukalishona, tukalibeba kwenye begi la mkononi lisije likapotea, tukapanda ndege. Harusi ilipita salama, alhamdulillah. Siku mbili baadaye bibi harusi akatwambia, "Twendeni mkamwone mtu wa kwenu." Akatupeleka Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na maumbile.

Hizi ndizo picha tulizozipenda zaidi.

Mjusi mkubwa wa Tendaguru. Huyu ndiye mtu wa kwetu. Ana mita 13.27 kwenda juu, na wataalamu wanakadiria aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Ilibidi mmoja wetu apige magoti sakafuni ndipo kichwa na miguu viingie kwenye picha moja. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipotutawala. Sisi kila tukienda Dar kufuata vitambaa tunapita Mingoyo na Lindi, wala hatukuwahi kuuliza chochote kuhusu Tendaguru.

Kentrosaurus. Naye ni wa Tendaguru, ila mdogo. Ana miiba kuanzia mgongoni hadi mkiani. Tulicheka, maana tulikumbuka mto wetu wa pini pale dukani.

Archaeopteryx. Ni kiumbe aliyebaki ndani ya jiwe huko Bavaria, ana meno, na bado ana manyoya ya ndege. Manyoya yamejichora kwenye jiwe unyoya kwa unyoya. Hakuna tarizi ya mkono inayofikia pale.

Chupa za samaki. Ni ukuta mzima wa chupa za kioo, ndani yake samaki wamehifadhiwa kwenye maji ya dawa, na taa zinawaka. Tulipiga picha mpaka simu ikajaa.

Tulitoka mle tukisema subhanallah. Katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anatuamuru tutembee katika ardhi tuangalie jinsi alivyoanzisha uumbaji. Tukajiona tumetimiza.

Tuliporudi, tukapanda Newala kumsalimia bibi yetu, mama wa mama. Tukamwonyesha picha moja moja. Alitazama kimya, kisha akauliza, "Haya mamifupa aliyachimba nani?"

"Wajerumani, bibi."

"Wajerumani wangapi?"

Hatukuwa na jibu. Akauliza tena, "Na maji? Nani aliwachotea maji?"

Bibi amekulia juu ya uwanda huu wa Makonde, wakati maji yalikuwa yanafuatwa bondeni kwa mguu, na kurudi ni kupanda mlima na mtungi kichwani. Kwake yeye, palipo na kazi kubwa lazima pawe na mwanamke aliyebeba maji. Tukazipitia picha zote, zaidi ya mia mbili. Kuna mifupa, kuna sisi tukitabasamu. Hakuna hata moja inayowahusu waliochimba na kubeba.

Swali lile lilitunyima raha, tukaanza kusoma. Wajerumani walioongoza kazi walikuwa wachache, na majina yao, kama Werner Janensch na Edwin Hennig, yanajulikana. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wetu wa kusini, mamia kwa mamia, na wengi waliishi pale kambini na wake na watoto wao. Zaidi ya tani 200 zilitoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega. Na ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji wake. Tulifurahi kuyaona majina hayo. Lakini jina la mwanamke aliyetwanga au kuchota maji hatukulikuta.

Usiku ule tukafungua picha za harusi ya Berlin. Zilikuwa hivyo hivyo! Gauni letu limepigwa kila upande, keki nayo, maua nayo. Wale mama wanne waliokesha jikoni na pilau hawamo. Na baadhi ya picha hizo tulizipiga sisi wenyewe.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Tulimpigia simu bibi harusi, tukamwomba atuandikie majina ya wale mama. Aliwakumbuka watatu. Wa nne ilibidi aulize.

Kwa hiyo dada yangu unayejiandaa kuolewa, mpiga picha wako asiondoke kabla hujawaita walioko jikoni. Waje na kanga zao na mikono yao yenye unga. Wasimame karibu yako, na majina yao uyaandike.

Wabillahi tawfiq.