Ishirini kwa Kila Mgonjwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya muuguzi huanza pale anaposhika sindano. Sivyo. Huanza mgonjwa angali mlangoni: anatembeaje, amemwegemea nani, naye akiulizwa jina, hujibu kwa mkupuo mmoja au hukatika katikati akitafuta pumzi.

Alikuwako muuguzi mmoja kijana katika zahanati ya mashambani, mwenye mwandiko mzuri na daftari safi. Joto la mwili alilipima sawasawa, na mapigo ya moyo akayahesabu kwa saa. Lakini katika safu ya pumzi aliandika 20 kwa kila mgonjwa, kama karani anayenakili hesabu ya jana. Hakuna aliyemwuliza, kwani mtu mzima mwenye afya, akitulia, hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Asubuhi moja mama alileta mtoto wa miezi minane, amelala ndani ya khanga. Homa haikuwa kali. Kijana akaandika 20, idadi isiyomfaa hata mtoto mzima wa umri huo, akawaonyesha benchi.

Muuguzi mkuu, bibi wa maneno machache, alikuwa akipita. Akasimama. Hakumwamsha mtoto, maana kilio huharibu hesabu. Alimwomba mama afunue kifua, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Hakuhesabu nusu na kuzidisha kwa mbili, kwa kuwa pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Zilikuwa 64. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, kuanzia 50 ni pumzi za haraka; kwa wa mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40. Tena, kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Basi huo ulikuwa ugonjwa wa mapafu, wala si homa ya kungojea benchini.

“Tangu jana usiku namwona akihema, Sista,” mama akasema, “lakini sikuulizwa.”

Kijana aliinamisha kichwa. Gari lilipokwisha kumchukua mtoto kwenda hospitali kubwa, alitaka kuchana ukurasa ule. Bibi akamzuia mkono.

“Usichane, mwanangu. Kata kwa mstari mmoja, isomeke.”

Akakata. Pembeni akaandika 64, na saa, na jina lake.