Darubini na Halali ya Kulenga

Kila nipitapo Embu nikielekea Meru, nikautazama msitu wa Mlima Kenya alimokaa Musa Mwariama hadi uhuru wa 1963, huzikumbuka bunduki walizojiundia wapiganaji wa Mau Mau. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako kipande cha mti, na cha kufyatulia risasi kilikuwa komeo la mlango lililovutwa kwa mpira. Hazikuwa na darubini. Mpigaji hakuwa na budi kumkaribia amlengaye.

Leo wanetu huelekezeana bastola za plastiki wakicheka. Mtume (S.A.W.) alikataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Darubini huleta karibu kilicho mbali; haimwambii mtu iwapo ni halali kukilenga. Hilo, mama zangu, hufunzwa nyumbani, tena mapema.