Mto Neckar na Watoto Wetu Walioko Ujerumani

Leo naongea na wewe mzazi ambaye simu ikilia usiku unaruka kitandani, kwa sababu binti yako ni nesi Ujerumani. Tangu serikali yetu na ya kwao zitie sahihi mkataba wa ajira Septemba 2024, maombi ya viza yamejaa kwenye karatasi zetu za maombi. Na mlangoni baada ya ibada mtu hunishika mkono akauliza, "Pasta, huyu atarudi kweli?"

Mimi na mama mchungaji tulienda kutembelea watoto wetu wawili wa kanisa, mtu na mkewe, wanaoishi Stuttgart. Wakakodi gari lenye nyumba ndani yake: vitanda, jiko la gesi, na choo chenye tangi unalolichomoa na kwenda kulimwaga mahali palipotengwa. (Ndiyo, nililimwaga. Huduma ni huduma.) Siku tano tukafuata Mto Neckar unavyoteremka, kila usiku mji mwingine. Kaeni watu wanne ndani ya gari moja, mvua ikinyesha, mtamwelewa Ibrahimu wa Waebrania 11:9, mgeni anayeishi hemani.

Tulianzia Tübingen. Nyumba za kale zimepangana ukingoni mwa mto, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477. Lakini mimi nilitaka kuona Derendingen, ambayo leo ni mtaa wa mji huo. Hapo ndipo alipozaliwa Johann Ludwig Krapf mwaka 1810. Ndugu yangu, huyu mtoto wa mkulima alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka uo huo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Akabaki. Akajifunza lugha yetu kwa masikio, akaanza kutafsiri Mwanzo. Na sarufi yake ya Kiswahili, unajua ilichapwa wapi? Hapo hapo Tübingen, mwaka 1850! Nilisimama kwenye daraja nikiangalia yale maji, nikakosa la kusema, na mnanijua.

Heidelberg ni mzuri, wenye ngome juu ya kilima na daraja la mawe la mwaka 1788. Luther alifanya mdahalo pale mwaka 1518, miaka mitatu kabla ya kusimama mbele ya Kaisari kule Worms, ambako tulifika baada ya Neckar kuingia Rhine pale Mannheim. Watalii ni wengi mno.

Kilichobaki moyoni mwangu ni jioni ya Heidelberg, tukinywa chai nje ya gari. Binti yetu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alisomea Kijerumani Nairobi, akapita mtihani, kisha siku ya kwanza kazini bibi mmoja akamwongelesha kwa lahaja ya Kiswabia na hakushika hata neno. Alilia chooni. Sasa anaijua lahaja hiyo, na ndiye anayemwogesha yule bibi kila asubuhi. Nikawaza: watu wa bonde hili walikuja kwetu kujifunza maneno yetu, na leo watoto wetu wanajifunza ya wazee wao.

Je, atarudi? Krapf alirudi kwao. Mwenzake Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen karibu na Stuttgart, alirudi mwaka 1875 akiwa kipofu. Kaburi la Rosine liko Mombasa. Mzazi, siwezi kukuahidi kitu ambacho Mungu hajaniambia.

Ila binti yetu alinituma, na nilimwahidi nitafikisha: mkimpigia simu, muulizeni kwanza kama amekula na kama amelala. Habari za karo na mabati zije baadaye.

Ijumaa tuna kesha. Niandikieni majina ya watoto wenu na miji waliko, tutawataja mmoja mmoja.