Asilimia 56

Diploma yangu ya serikali ina namba moja: 56. Haisemi kwamba Kifaransa na historia nilivimudu kuliko wenzangu, wala kwamba kemia ilinishinda mapema kabisa. Ndivyo Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, inavyofanya kazi tangu 1967: huchanganya masomo yote, kisha hutoa asilimia. Ukifikisha 50 umepita. Matokeo yakitoka, komini yetu ya Kadutu nzima inamwagiana unga, na mwenye 52 anakuwa mweupe sawasawa na mwenye 80.

Sekondari nilisoma biokemia kwa sababu baba alitaka daktari. Mimi nilitaka sheria, tena UCB, chuo cha Kikatoliki kilichoanza 1989, ambacho kwetu Nyamugo kilitajwa kwa sauti ya chini kama jina la mkwe. Prefe wa shule alinitazama kwa huruma: "Mwanangu, kwa pointi hizi? Nenda ualimu." Mama, aliyeuza samaki wa sambaza sokoni, hakuwa na neno juu ya pointi. Aliuliza minerval, ada ya chuo, ni kiasi gani, akaanza kupiga hesabu ya likelemba, mchezo wao wa kupeana pesa.

Kwenye faili ya maombi ya UCB nilitia buletini zangu zote, nzuri na zile za kemia. Nikapokelewa. Sidai kwamba zilisomwa.

Wengi hudhani mchujo uko mlangoni. Kwetu wakati huo ulikuwa ndani, kwenye graduat ya kwanza, yaani mwaka wa kwanza wa chuo. Mwanzoni ukichelewa hukupata kiti. Baada ya mitihani viti vilibaki wazi, na baadhi ya walioondoka walikuwa wale wa asilimia 70. Hakukuwa na kemia pale. Kulikuwa na kusoma kurasa nyingi usiku kwa mshumaa umeme ukikatika, na kuandika Kifaransa kilichonyooka huku saa inakwenda: mambo ambayo ile 56 ilikuwa imeyameza. Distinction sikupata. Nilivuka.

Baada ya chuo na miaka ya stage kwenye baro, kazi yangu kubwa kama metre, yaani wakili, imekuwa viwanja. Kadutu ni mlima wa nyumba. Ukuta wa huyu ni msingi wa yule, na mvua ikishusha udongo, mpaka wa kiwanja unahama nao. Kifungu cha 219 cha sheria ya ardhi ya 1973 kinadai hati ya usajili, basi. Wateja wangu wengi hawana. Wanayo fishi ya komini, karatasi ya daftari yenye alama za vidole vya mashahidi, risiti zilizoliwa na panya. Vijana wa ofisini wakikosa hati wanataka kufunga faili. Mimi huomba mfuko wote umwagwe mezani.

Juzi mjane mmoja wa Cimpunda aliinua kipande cha risiti, aibu usoni.

"Metre, hata hii?"

"Hata hiyo, mama. Tuanze na ya zamani zaidi."